Kaka anasema bomu halijawahi kuanguka Dar. Mbona mimi nililisikia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilizaliwa mwaka 1972, nimekulia Magomeni Mikumi, na sasa naishi Tabata. Wakati wa vita vya Amin nakumbuka tuko handakini uani kwetu usiku, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, mama ameniziba mdomo kwa upindo wa kanga. Ndege ikapita juu, halafu kishindo cha bomu kwa mbali, vioo vya madirisha vikalia. Usiku wa milipuko ya Gongo la Mboto mwaka 2011, tulipokuwa tunaishi Ukonga, yote yalinirudia kama ya jana. Juzi mjukuu wangu kapewa kazi ya shule ya kuhoji wazee, nikamsimulia. Kaka yangu, aliyenizidi miaka tisa, akacheka mbele ya mtoto: "Dar hakujawahi kuanguka bomu la Amin, bibi yako anaota." Nimeumia sana. Je, mimi ni mwongo? Na mtoto nimwambie aandike nini?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikwama kwenye yale maji. Nitayarudia, maana ndiyo yaliyonifanya nikae chini kukujibu kwa kirefu.

Kwanza lile lililokuumiza. Wewe si mwongo. Mwongo anaujua ukweli akaupinda makusudi, na wewe unatoa kilichomo ndani yako kama kilivyo. Kaka yako naye kwa jambo moja amesema kweli: katika vita vile hakuna bomu la Amin lililoanguka Dar es Salaam. Alipokosea ni kudhani kwamba kwa kuwa bomu halikuwapo, basi na handaki halikuwapo, na ile hofu haikuwapo. Hapo ndipo nisipokubaliana naye hata kidogo. Nimetumia miaka mingi kukaa na watu wa rika lenu na kuwasikiliza wakisimulia utoto wao, na mambo ya handaki nimeyasikia Magomeni, nimeyasikia Temeke, nimeyasikia Ilala.

Tuanze na vita vyenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera sasa ni yake. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akazungumza na taifa, na maneno yake hata waliokuwa watoto wanayajua mpaka leo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Mabomu yalianguka, ila kwa wenzetu wa Kanda ya Ziwa. Ndege za Uganda aina ya MiG ziliipiga Bukoba, watu wakakimbilia vijijini na vitanda vichwani. Kisha mwishoni mwa Machi 1979 Gaddafi wa Libya, aliyekuwa akimsaidia Amin, akatuma ndege kubwa ya kurusha mabomu aina ya Tu-22 kuupiga mji wa Mwanza. Iliyalenga matangi ya mafuta ikayakosa, na mzigo wake ukaangukia kwenye hifadhi ya kisiwa cha Saanane, wakafa swala na wanyama wengine. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Sasa piga mahesabu. Kutoka Entebbe mpaka Magomeni ni zaidi ya kilomita 1,000 hata ukipita angani moja kwa moja. MiG za Amin hazikuwa na uwezo wa kuja huku, kupiga na kurudi. Ndege uliyoisikia ilikuwa ya jeshi letu au ya abiria inayokwenda kutua uwanja wa ndege. Lakini mtoto wa miaka sita chini ya ardhi, gizani, mkono wa mama ukiwa mdomoni, atajuaje ndege ni ya nani? Hata wakubwa hawakujua. Kule Musoma walinzi wetu wenyewe wa kutungulia ndege walizipiga ndege za jeshi letu wakidhani ni za adui. Ikiwa askari mwenye darubini na mzinga alikosea, sembuse wewe.

Basi kwa nini watu wa Dar walichimba mahandaki, kama ndege haziwezi kufika? Kwa sababu wakati ule hakuna aliyekuwa na hakika hiyo. Huu ndio mji wa bandari, ndipo redio ilipo na serikali ilipo, na kila mtu aliambiwa ajihadhari. Na wengine hawakuhitaji kuambiwa. Kwenye mitaa ya Temeke na Mbagala walikuwapo watu waliotoka Mtwara na Ruvuma, ambako miaka michache tu kabla yake, wakati wa mapambano ya Msumbiji, ndege za Wareno zilikuwa zikivuka mpaka na kushambulia vijiji. Mzee mmoja wa Newala aliniambia kwamba alianza kuchimba uani kwake Temeke kabla balozi wa nyumba kumi hajapita kuwaambia watu, na majirani wakamcheka. Baada ya wiki moja wakaja kumwazima jembe na sururu.

Tukiingia uani kwenu sasa, handaki la nyumbani lilikuwa shimo jembamba lenye kina cha kufika kifuani mwa mtu mzima, na mara nyingi lilipindwa kama herufi L. Ile kona ilikuwa na kazi yake. Bomu linapopasuka juu ya ardhi, kinachoua wengi ni vipande vya chuma na upepo wa mlipuko, navyo husambaa kwa ubavu. Ukiwa chini ya usawa wa ardhi vinakupita juu, na kona inazuia upepo usifagie handaki lote. Bomu likidondokea ndani, hapo hakuna handaki litakalokusaidia, na wachimbaji walilijua hilo. Dar tatizo jingine lilikuwa mchanga. Ukichimba leo, kesho kuta zinaporomoka. Kwa hiyo watu walizibana kwa madebe yaliyokunjuliwa, magunia ya mchanga, mbao za makreti, hata makuti.

Halafu mvua. Amin alivamia katika majira ya vuli. Magomeni iko jirani kabisa na bonde la Msimbazi, na ardhi ya kule huna haja ya kuchimba sana kabla ya kukuta unyevu. Handaki lililochimbwa Novemba lilijaa maji Novemba hiyohiyo. Wanawake waliniambia walivyokuwa wakiyachota kwa kopo jioni kabla giza halijaingia ili watoto wapate pa kukanyaga, na asubuhi wanakuta vyura. Mmoja akasema alikuwa akiogopa mbu wa handakini kuliko Amin mwenyewe.

Sasa unaelewa kwa nini nilikwama kwenye maji yako. Hakuna hadithi ya vita niliyowahi kuisikia redioni au kuiona kwenye sinema inayotaja maji kwenye vifundo vya miguu. Hakuna mtu mzima anayemsimulia mtoto kuhusu vita akaanza na soli za miguu zilizolowa. Hilo ni jambo la mtu aliyekuwa ndani, na mwenye kimo cha mtoto, maana maji yanayofika kwenye vifundo vyako hayakuwa yakimshughulisha kaka yako wa miaka kumi na mitano. Ile kanga vilevile. Ningekuwa na kesi ya kuthibitisha kwamba ulikuwa handakini mwaka 1978, mashahidi wangu wa kwanza wangekuwa maji na kanga.

Shahidi anayenitia shaka ni vioo. Umeandika kwamba vioo vya madirisha vililia. Nyumba nyingi za Kiswahili za Magomeni za miaka ile, zile za vyumba sita na korido katikati, zilikuwa na madirisha ya mbao, nondo na labda wavu wa mbu. Je, ya kwenu ilikuwa na vioo? Sikuulizi kwa kukutega. Nakuuliza kwa sababu najua mahali pengine ulipokuwa karibu na vioo vikalia kweli, na umepataja wewe mwenyewe.

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha ya kambi ya Gongo la Mboto yalilipuka, na wewe ulikuwa Ukonga, pua na mdomo. Watu zaidi ya 20 walifariki. Mabomu yalikuwa yanaruka na kuangukia kwenye nyumba za watu. Wazazi walipotezana na watoto gizani, maelfu wakatembea kwa miguu kuelekea mjini na wengine wakalala Uwanja wa Uhuru. Na watu walikuwa bado na kidonda cha Mbagala, ambako tarehe 29 Aprili 2009 ghala la namna hiyohiyo lilikuwa limelipuka. Kwa hiyo, dada yangu, umesikia mabomu Dar es Salaam, tena kwa masikio ya mtu mzima. Uliyasikia ukiwa na miaka 38, na usiku huohuo, kama ulivyoandika, handaki la utotoni likakurudia.

Neno lako hilo "yalinirudia" ndilo ufunguo. Tunapenda kudhani kwamba kumbukumbu ni kama kitenge kilichokunjwa sandukuni: unakitoa, unakitazama, unakirudisha kilivyokuwa. Watafiti wa ubongo wamekwishaonyesha kwamba sivyo. Kumbukumbu inapoitwa, inalegea, na kabla haijakaa tena mahali pake inaweza kuingiwa na kitu cha wakati ule ulioiita. Usiku ule wa Ukonga uliitoa hofu ya mwaka 1978, ukaishika huku milipuko inasikika na vioo vinalia, kisha ukaiweka tena. Ilikuwa na giza, na mama, na kunyamaza, na ndege. Ilikosa kishindo tu. Nadhani Gongo la Mboto ndiyo iliyokipa.

Naandika "nadhani" kwa sababu wewe ndiye mwenye kumbukumbu, na mimi naisoma barua tu. Lakini nikuonyeshe kwamba hili limewatokea watu ambao hakuna anayeweza kuwaita waongo. Oliver Sacks alikuwa daktari wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, mtu aliyeishi kwa kuchunguza akili za watu. Alizaliwa London mwaka 1933, kwa hiyo Wajerumani walipoanza kuupiga mji ule usiku baada ya usiku, kuanzia Septemba 1940, alikuwa mtoto wa umri kama wako wa handakini. Uzeeni aliandika kumbukumbu mbili za mabomu. La kwanza lilianguka karibu na kwao lisipasuke, mtaa mzima ukaondoka kwa kunyata na nguo za kulalia. La pili lilikuwa bomu la moto lililoangukia nyuma ya nyumba yao, baba akipambana nalo kwa pampu ya mkono na kaka zake wakikimbia na ndoo za maji. Yote mawili aliyaona machoni pake kwa uwazi uleule. Alipokwisha kuyachapisha, kaka yake Michael akamwambia: la kwanza ni kweli, tulikuwa wote, la pili hukuliona, mimi na wewe tulikuwa shule ya bweni mbali na London. Ila kaka yetu mkubwa alituandikia barua akaeleza yote, na wewe barua ile ilikuteka. Sacks aliamini aliloambiwa. Lakini aliandika kwamba hata baada ya kujua, ile picha ya bomu la pili haikufifia. Bado ilionekana ya kwake kama ile ya kwanza.

Tazama tofauti ya kaka huyu na wako. Naye alimsahihisha mdogo wake. Lakini alimwambia pia ilikotoka, na hakumchekea.

Kwenu ninyi, watoto wa Dar wa mwaka 1978, jambo hili lilikuwa rahisi zaidi kutokea, kwa sababu vita vile vilikuja kwa masikio. Bara hakukuwa na televisheni. Ilikuja miaka ya tisini. Kulikuwa na Redio Tanzania, na redio moja ilisikilizwa na nyumba tatu. Mtoto anasikia "nduli", anasikia "majeshi yetu", anasikia Kyaka, Mutukula, Masaka, na hana picha hata moja ya kuweka juu ya maneno hayo. Usiku taa zinazimwa, blanketi linapigiliwa dirishani, koroboi inawekwa uvunguni, balozi wa nyumba kumi anapita na mgambo wakigonga mlango wakiona mwanga: "Zima taa!" Masikio matupu gizani huchora yenyewe. Kwa hiyo sishangai kama hata kabla ya mwaka 2011 handaki lako lilikuwa na bomu dogo la kwake, lililotokana na mlango uliobamizwa, au radi ya vuli, au taarifa ya habari kuhusu Bukoba iliyosikika siku mbili kabla. Gongo la Mboto ililiongezea sauti.

Nami yamenikuta. Nilikuwa mvulana wakati ule, na kwa miaka zaidi ya thelathini niliwasimulia wanangu jinsi baba alivyochimba handaki letu: mgongo wake unang'aa kwa jasho, mimi nabeba mchanga kwa ndoo. Siku moja mama, Mungu amrehemu, akanisikia. Akaniambia kwa upole, "Baba yako alikuwa safarini kikazi miezi ile yote. Handaki nilichimba mimi na mama wa nyumba ya pili, na wewe ulibeba mchanga." Nilinyamaza kwa muda mrefu. Ndoo ilikuwa ya kweli, mchanga ulikuwa wa kweli, mgongo wenye jasho pia ulikuwa wa kweli, ila nilikuwa nimeuvisha mtu mwingine, kwa kuwa tayari niliamini kazi ya jembe ni ya baba. Tangu siku ile, kila ninapomhoji mtu kuhusu mahandaki namuuliza: nani hasa alishika jembe? Mara nyingi sana jibu ni mama, shangazi au bibi, na mara nyingi halikuwa limesemwa kabla. Kusahihishwa kule kulinipa mama yangu akiwa na sururu mkononi, na sikuwa naye kabla.

Kuhusu mjukuu. Usimnyang'anye hadithi, na usimwachie kama ilivyo. Mwambie aigawe. Aandike kwanza yale uliyoyagusa kwa mwili wako: maji, kanga, giza, sauti ya ndege. Aandike kwamba mnajua ndege ile haikuwa ya Amin, ila ninyi wakati ule hamkujua. Kisha aandike mabomu ya Bukoba na Mwanza, na yaliyowapata watu wa kule, kwa sababu ni yao na wanastahili kutajwa nayo. Halafu aandike Gongo la Mboto, usiku wenyewe, maana wewe ni shahidi wa jambo hilo pia na sidhani kama kuna aliyekuhoji. Mwalimu wake akikuta habari hizo tatu zimetenganishwa hivyo, atakuwa amepokea kazi bora kuliko nyingi ninazozisahihisha za wanafunzi wa chuo.

Kuhusu kaka yako, usibishane naye tena juu ya bomu. Muulize anachokumbuka yeye kabla hujamwambia chako, la sivyo mtaanza kuazimana. Mpe karatasi achore uwa wenu: choo kilikuwa wapi, jiko wapi, mti upi, handaki upande gani. Wewe chora yako peke yako, kisha mlinganishe. Muulize maji yalichotwa na nani. Muulize lilifukiwa lini, na kwa nini, maana mengi yaligeuka mashimo ya taka au kuku walitagia humo muda mrefu baada ya Kampala kuanguka. Kijana wa miaka kumi na mitano lazima alishika jembe au ndoo, na huenda naye anayo hofu yake aliyoificha ndani ya kile kicheko. Wavulana wa umri ule hawakuruhusiwa kuogopa.

Jambo moja la mwisho hukuniuliza, ila nimeliona katikati ya mistari yako. Kama mpaka leo ndege ikipita chini juu ya Tabata kuelekea kutua moyo unakwenda mbio, au usiku unaamka na kusikiliza, hilo si la mwanahistoria kulitibu. Muhimbili wapo wataalamu wa afya ya akili wanaoshughulika na watu waliopita kwenye milipuko kama ile, na kwenda kwao si kujitangaza kichaa. Nenda na mwanao.

Na kama nyumba ya Magomeni bado ipo na uwa haujasakafiwa, nenda na kaka yako mwezi Novemba, mara tu baada ya mvua kubwa. Udongo uliofukiwa hudidimia kidogo kidogo kwa miaka mingi. Angalieni dimbwi la kwanza linatuama wapi, halafu mlinganishe na michoro yenu miwili.